Namba Iliyoruhusiwa Kupita

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani ukielekea ukingoni, mume wangu Lali alikuwa akiipaka rangi upya namba ya lori lake. Mwaka ule aliifanya kazi hiyo asubuhi ya Ijumaa, mbele ya nyumba yetu kule Kismayu, na mimi nilimshikia kopo. Lori lilikuwa la jeshi, limebaki tangu vita vya Wazungu vya zamani. Pua yake ilikuwa fupi, uso bapa, na magurudumu makubwa yaliyopita mchangani bila kubembelezwa. Tajiri mmoja wa chokaa alilinunua, na Lali akawa dereva wake kabla hajanioa. Ubavuni mwa boneti palikuwa na herufi L, kisha safu ya tarakimu nyeupe. Lali hakujua maana yake. Alizifuata tu alama za zamani kwa brashi ndogo, ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Mbona jina langu huliandiki?" nikamuuliza.

"Wewe umewahi kubeba magunia ya chokaa?"

"Nimebeba mwanao."

"Haya, mwakani nitakuandika. Shika kopo vizuri."

Malori ya namna ile yalikuwa mawili mjini. La pili aliliendesha rafiki yake Bakari. Ukiyatazama ungesema yametoka tumbo moja, lakini la Lali lilikuwa na injini ya silinda nane na la Bakari silinda sita. Mimi nikiwa jikoni nilijua nani anapita. La Lali lilinguruma kwa kifua, la Bakari lilikohoa. Vipuri havikuwapo, kwa hiyo wale wanaume walizoea kuazimana. Leo mlango, kesho taa, keshokutwa boneti. Walifungua na kufunga kama sisi wanawake tunavyopeana sufuria.

"Siku moja mtaazimana na wake," alisema Mwanakheri, mkewe Bakari.

"Mungu apishe mbali," akajibu Bakari. "Wa Lali anajua kupika, lakini akinuna nyumba nzima inaingia giza."

Tulicheka. Namba ilikauka kabla ya adhana ya Ijumaa. Naikumbuka yote mpaka leo, na mwisho wake ni mbili tisa. Ya Bakari iliishia saba nne.

Ramadhani ile hatukuimaliza kwa amani. Serikali ilikwisha kuanguka kule mji mkuu, na wenye bunduki wakaanza kushuka pwani. Mji ukachukuliwa na hawa, ukanyang'anywa na wale, ukarudi kwa hawa. Sisi Wabajuni hatukuwa na bunduki wala wa kutulipizia kisasi, kwa hiyo kila aliyeingia mjini alianzia kwetu. Walichukua vyombo, wakachukua milango, wakapanda juu wakachukua mabati. Jirani yetu mshonaji aliuawa kizingitini kwake kwa sababu ya cherehani. Alikuwa amekwisha kuwapa. Walirudi kuulizia meza yake.

Njia ya kusini, inayokwenda mpaka wa Kenya, ilikuwa na kizuizi. Mkuu wa pale aliwahi kujenga nyumba kwa chokaa aliyoletewa na Lali, na sijui ni nini kilimwingia moyoni, lakini alimwita akamwambia, "Wewe pita na watu wako." Kisha akawaambia vijana wake namba ya lori. Lenye namba hii lipite. Mengine yote washusheni watu.

Kijana mmoja aliiandika kwa chaki kwenye kitako cha bunduki yake.

Safari ya kwanza walipanda wanawake wenye watoto wadogo. Mimi nilikuwa na binti yangu Amina kifuani. Mama mkwe alikataa kupanda. "Mimi nitakuja na mwanangu safari ya pili," akasema, na alipokwisha kusema, mama yule hakuwa na mtu wa kumgeuza.

Tulifika kizuizini jua limepanda.

Kijana aliinua bunduki. Nilidhani anatulenga. Alikuwa anasoma kitako.

Alisoma tarakimu moja, akatazama boneti. Akasoma nyingine, akatazama boneti.

Amina akaanza kulia. Nikamtia nyonyo kinywani mbele za watu wote.

Mbele yetu palikuwa na gari dogo, milango wazi, viatu vimetawanyika. Wenye viatu hatukuwaona.

"Pita."

Lali hakukanyaga mafuta kwa pupa. Aliliondoa lori taratibu, kama ana chokaa nyuma na hataki imwagike. Ule utulivu wake naushukuru mpaka leo. Angeondoka kwa kishindo wangetufyatulia risasi.

Tulivuka mpaka, tukaingia Kiunga. Lali alikunywa chai akiwa amesimama. Akamgusa Amina unyayo, akaniambia, "Mpangie mama mahali pa kulala," akageuza lori. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Si maneno makubwa. Nimeridhika nayo, kwa sababu ni ya mtu aliyekusudia kurudi.

Baada ya siku chache nilisikia watu wanapiga kelele kwamba lori limekuja. Nikatoka mbio. Niliona boneti, nikaona mbili tisa, moyo ukatulia. Kisha nikasikia injini inakohoa. Mlango ulipofunguliwa aliyeshuka ni Bakari.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza. Injini ya Lali ilikuwa imepata joto njiani, rejeta inavuja, haiwezi kubeba mzigo wa watu. Watu walikuwa wamekwisha kupanda kwenye lori la Bakari, yeye mama akiwa mmoja wao, lakini lori la Bakari halikuwa na ruhusa. Basi Lali alitwaa spana. Akafungua boneti yake, akafungua ya Bakari, wakabadilishana, kama walivyofanya mara nyingi kwa mambo madogo. Kule kizuizini vijana walisoma namba wakapisha. Hawakumtazama dereva usoni.

"Ameniambia atatengeneza rejeta na atafuata," alisema mama. "Nimemwacha kifua wazi, anapiga nyundo."

Bakari alisema anarudi kumchukua Lali na waliosalia, maadamu ile namba bado inapita. Mwanakheri alikuwa amekuja na lori hilo hilo. Alimshika mumewe mkono wa kanzu.

"Ukirudi bila Lali, usirudi," alimwambia. "Na usiporudi, nitakuua."

Bakari akacheka. Akaondoka.

Hakurudi. Wala Lali hakurudi.

Waliokuja baadaye walikuja kwa miguu. Walisema mji umechukuliwa tena na wengine, na mkuu wa kizuizi na vijana wake hawapo. Walisema pia kwamba njiani, mchangani, kabla ya kufika mpaka, wamelikuta lori la pua fupi limeungua. Ndani mlikuwa na mtu mmoja. Wao wenyewe wakiwa na kiu na hofu, walisimama, wakamtoa, wakamchimbia, wakamlaza kuelekea kibla, wakaweka mawe. Majina yao sikuyashika yote. Nawaombea mpaka leo kwa kundi lao, maana mtu anayekimbia kifo akasimama kumzika asiyemjua, huyo malipo yake yako kwa Mungu, si kwangu.

Tuliwauliza namba. Walisema rangi imeungua lakini umbo lake linasomeka katika bati. Saba nne.

Mwanakheri akakaa eda.

Mimi nilisema. Niliwaambia wazee kwamba boneti zilibadilishwa, na huenda lililoungua ni lori la Lali. Walinisikiliza kwa heshima. Wakasema Bakari alirudi mjini, walikutana, na lazima kila mmoja alichukua chake. Wengine wakasema hapana. Kadhi akasema panapokosekana yakini hawezi kumzika mtu kwa maneno. Lali akahesabiwa mtu aliyepotea. Kadhi alinieleza kwamba baada ya muda naweza kuomba niachiwe niolewe, na ni haki yangu. Sikuomba. Sikuwa mke wala mjane. Watu walipokuja kutoa pole waliingia kwa Mwanakheri, na mlangoni kwangu walipita wakisema, "Mungu atamrudisha." Nami nikiitikia, amin. Mama mkwe alikufa huko huko Kiunga, bado anamtandikia mwanawe kitanda.

Miaka ilipita, mingi. Amina alikua na kuolewa Mombasa. Mwanakheri naye alihamia huko. Mimi nilipata kazi Dubai ya kumpikia na kumtunza bibi mmoja, Bi Zuwena, hapa mtaa wa Al Warqa. Ukoo wao ni wa Unguja, walikuja zamani, na ndani ya nyumba hii Kiswahili hakijafa. Bi Zuwena hataki kuitwa madam. Mwanawe, Bwana Seif, ni mtu wa makamo, ana kazi nzuri na ugonjwa mmoja: anapenda magari mabovu ya vita. Uani kwake kuna turubai, na chini ya turubai kuna kutu.

"Wenzako wananunua magari," mama yake humwambia. "Wewe unanunua makaburi yao."

"Mama, hii ni historia."

"Historia isiyowaka! Hata Mungu akikuita leo, utakwenda kwa teksi."

Siku moja nilimpelekea kahawa, nikamkuta amefungua kitabu cha picha. Nikasimama na sinia. Uso ule, pua ile.

"Hili lilikuwa letu," nikasema.

Bwana Seif alidhani namtania. Nikamwambia Kismayu yalikuwapo mawili, nikamtajia namba na herufi yake. Akaweka kikombe chini. Alinieleza mambo ambayo Lali hakuyajua, kwamba malori hayo yaliundwa Kanada, na kwamba wakati wa vita viwanda viwili vya huko viliagizwa vitoe gari la sura moja, ila kila kiwanda kikatia injini yake. Ndiyo maana boneti ya hili inakaa kwa lile. Herufi ilieleza aina ya gari. Yale yaliyotumikia jeshi la Kanada lenyewe yalitanguliwa na C. Yetu hayakuwa na C, basi yaliundwa Kanada yakatumikia Waingereza, nao ndio walioyaacha kwetu.

"Na sasa yako wapi, mama?"

Nikamwambia moja liliungua. La pili sijui. Wala sijui lipi ni lipi.

Akafunga kitabu. Yeye hutafuta chuma, lakini siku ile nadhani alisikia kingine. Alimpigia wakala wa mizigo kule Deira, mtu anayejua kila kichuguu cha vyuma chakavu pwani yote. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe wakala akasema lipo moja Kismayu, katika yadi, liliwahi kutumiwa kuuzia maji, kisha wakafugia kuku ndani yake. Bwana Seif akalinunua.

Lilipofika nilikuwa nachambua mchele. Sikutoka. Bi Zuwena ndiye aliyeniita kutoka kitini mwake, "Njoo wewe, limekuja hilo. Twende wote, nishike mkono." Alijifanya yeye ndiye anayehitaji kushikwa.

Lori lilikuwa limepigwa rangi juu ya rangi. Bwana Seif alichukua msasa na ndoo ya maji. Hakukwangua kwa nguvu. Alisugua kwa mduara mdogo, akamwagia maji, akafuta, akatazama, akasugua tena. Alisema ukiwa na haraka unaipita namba bila kuiona. Ikatoka bluu. Chini yake manjano ya muuza maji. Chini yake nyekundu. Mimi nilishika ndoo. Nilitaka kumwambia aache, na nilitaka kumnyang'anya msasa nisugue mwenyewe. Kama ni lori la Lali, basi hakuungua, na sijui aliishia wapi. Kama ni la Bakari, basi Lali ndiye aliye chini ya mawe. Sikujua niombe lipi.

Nyeupe ikatokea. Kwanza mkia wa tisa. Niliujua mkono uliouchora. Lali aliukunja mkia wa tisa ndani, kama ndoana.

"Mbili, tisa!" Bwana Seif alipiga kelele. "Mama, ni lake! Wallahi ni lake! Hakuungua!"

Bi Zuwena akasema alhamdulillahi. Wote wawili walinitazama wakingoja nifurahi. Ningeweza kufurahi. Hakuna ambaye angenipinga.

"Bwana Seif," nikasema, "boneti si gari. Mara ya mwisho boneti hii kuonekana ilikuwa juu ya lori la Bakari. Tazama chini."

Akaweka msasa chini. Kisha akauliza, "Kabla sijatazama, niambie. La Lali lilikuwa sita au nane?"

"Nane."

Aliingia chini na brashi na mafuta ya taa. Injini ya asili ilikwisha kung'olewa, lakini alitaka namba iliyopigwa katika chuma cha chesisi. Alisafisha, akapangusa, akasugua chaki, ili unga uingie katika mashimo ya tarakimu. Zikajitokeza nyeupe. Akazisoma, akatazama vikalio vya injini, akarudi kuzisoma. Alipotoka alikuwa na mafuta usoni na hakuyafuta.

"Ni ya kile kiwanda cha silinda sita," akasema. "Tangu ilipozaliwa. Haikupata kubeba nane."

Basi lilikuwa lori la Bakari, limevaa boneti ya Lali mpaka mwisho. Hawakubadilishana tena. Na lile lililoungua likiwa na saba nne lilikuwa lori la Lali.

Sitaki kusema zaidi ya ninalojua. Lori si mtu. Huenda Bakari ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku ile. Lakini gia za ile nane zilikuwa na ukorofi ambao Lali peke yake aliuweza, na Bakari alikuwa na lori lake zima lenye namba ya kupita. Kadhi angetaka yakini. Mimi nimepata ile inayonitosha.

Sikulia pale. Bi Zuwena aliniambia keti, nami nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alinitilia mkono kichwani, akauacha hapo. Bwana Seif aliuliza afanye nini, maana kwa kanuni yake namba ile haikuwa ya gari lile. Nikamwambia afuate kanuni yake katika chuma kingine chote, ila pale alipofikisha msasa apaache. Amepaacha.

Kuhusu eda nilimuuliza shekhe. Akasema huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku mke alipojua, kwa hiyo yangu ilikwisha pita zamani. Nilikuwa mjane wakati wote ule ambao watu walikuwa wakiniambia atarudi. Hata hivyo kuna siku moja niliyoikaa chumbani, kwa ajili yangu, na Bi Zuwena aliagiza chakula kutoka nje na hakukisema vibaya.

Palibaki jambo moja, nalo lilikuwa zito kuliko yote. Mwanakheri alikuwa na kaburi. Lilikuwa mbali, hakupata kulifikia, lakini lilikuwa lake. Ijumaa zote amelisomea Yasini. Nikimwambia, ninalichukua. Nikinyamaza, nakaa na mume wangu kwa siri kama mwizi.

"Mpigie," alisema Bi Zuwena. "Lakini si leo. Kesho, akisha kula. Habari kama hiyo haiingii katika tumbo tupu."

Nilimpigia kesho yake alasiri. Nilimuuliza amekula nini. Akasema muhogo wa nazi, na wewe umepiga simu kutoka Dubai kuulizia muhogo? Nikamwambia yote, tangu msasa mpaka chaki. Hakunikatiza. Nilisikia watoto wanacheza nyuma yake, na yeye akiwafukuza kwa sauti ya chini.

"Kwa hivyo niliyemlilia ni Lali," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Nimemsomea Yasini mume wa mtu."

"Nisamehe, Mwanakheri."

"Nikusamehe nini? Kasomewa au hakusomewa?"

"Kasomewa."

"Basi." Alivuta pumzi. "Walau mtu wa kwetu hakulala bure miaka yote hiyo bila dua. Mshukuru Mungu."

Nikamwambia namshukuru Mungu, na nakushukuru wewe. Nilimaanisha. Nilipokuwa nikimngoja mlangoni, kuna mwanamke aliyekuwa akimfanyia mume wangu yale ambayo mimi sikujua anayahitaji.

Kisha akauliza, na sauti haikuwa ile ile. "Na Bakari? Miaka hii yote wangu kaombewa na nani?"

Ningeweza kumwambia kwamba nilimuombea. Nilipokuwa nikiomba aliyepotea arudi, aliyepotea alikuwa mumewe. Lakini mimi nilimtaja Lali kwa jina, kila mara, na Mungu anajua nilimtaka nani.

"Sikumuombea," nikasema. "Nilimuombea Lali peke yake."

Nilimsikia akiwafukuza watoto tena, safari hii kwa sauti ya juu.

"Basi anza leo," akasema Mwanakheri. "Na mimi nitaendelea na wako. Nimekwisha kumzoea."